Mwanya wa miezi minne

Umeme ulikuwa umekatika Cheyo nzima, kata yetu hapa Tabora. Ilikuwa Jumamosi usiku, tarehe 1 Julai 2023, nami nilikuwa chali kwenye mkeka sebuleni kwetu, kichwa kimelala mapajani mwa mdogo wangu. Mama alishika tochi ya simu. Mdogo wangu alishika ufunguo. Tunauita ufunguo, lakini ni kiwaya tu kilichopindwa ncha, chembamba kama pini ya mtandio, chenye mpini wa plastiki. Akasema Bismillahi, kama alivyosema siku zote zilizotangulia, akatafuta tundu la skrubu iliyokaa katikati ya kaakaa langu, akaingiza ncha, akasukuma taratibu kutoka mbele kwenda nyuma mpaka tundu la pili likachungulia. Ndipo nikasikia: tak. Sauti ya kijiti kikavu kilichokanyagwa, ila ilitokea ndani ya kichwa changu, chini ya pua.

"Umesikia?" nikamuuliza. Hakusikia. Mama naye hakusikia kitu. Machozi yalinitoka yenyewe. Hayakuwa ya maumivu makali. Ilikuwa kama mtu ananikandamiza kwa kidole gumba katikati ya macho, kwa upande wa ndani. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikaenda kulala. Saa tisa usiku ulimi ndio ulioniamsha. Ulikuwa umekuta uwazi kati ya meno yangu mawili ya mbele, mahali ambapo siku zote ulikuwa unakuta ukuta. Nikakaa kitandani gizani nikiupitisha pale, nikiurudisha, nikiupitisha tena. Nilikuwa na miaka 31 na mifupa ya uso wangu ilikuwa imeachana.

Nafundisha darasa la kwanza hapa Tabora. Tangu nimalize matibabu, walimu wenzangu na akina dada wa rika langu wananiuliza swali lile lile: hivi kweli mtu mzima anaweza kupanuliwa taya? Nimejibu vipande vipande kwa simu na pale ofisini kwetu, na kila mara naona nimeacha jambo la maana. Leo naandika yote.

Kisa changu kilianzia puani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa na nyama za puani, nalala mdomo wazi, nakoroma kuliko baba. Mtoto akipumua kwa mdomo, ulimi hushuka chini badala ya kukaa juu kwenye kaakaa, na daktari wangu aliniambia kwamba ulimi uliokaa mahali pake ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia taya la juu kupanuka wakati wa kukua. La kwangu halikupanuka. Meno yakaota yakiwa yamebanana, yakapandana. Upande wa kulia, magego ya juu yakawa yanaangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Kwa hiyo nilitafuna kushoto tu. Miaka na miaka, kila tonge la ugali, kila punje ya karanga, kushoto.

Baba ni mwalimu wa madrasa. Yeye ndiye wa kwanza kugundua kwamba kinywa changu kina kasoro, na aligundua kwa kusikiliza. Herufi dhadi ya Kiarabu hutamkwa kwa ubavu wa ulimi kugusana na magego ya juu. Nilipokuwa na miaka minane alinikalisha mbele yake jioni baada ya jioni, akinirudisha herufi ile ile, mpaka siku moja akaniambia nifungue mdomo, akachungulia, akanyamaza. Hakunirudisha tena. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba aliona ulimi wangu hauna pa kulala.

Nikiwa na miaka 19 nilifanya jambo ninalolijutia hadi leo. Chonge langu la juu, upande wa kulia, lilikuwa limeota juu ya mengine, likichomoza kwenye ufizi. Nilienda mahali, nikaambiwa ling'olewe na mengine yatajipanga yenyewe. Hakuna picha iliyopigwa, hakuna kipimo kilichochukuliwa. Likang'olewa kwa dakika chache. Mengine hayakujipanga. Yaliinama kuelekea kwenye pengo, upande wa kulia ukazidi kuingia ndani, na uso wangu ukianza kuonekana umevutwa upande mmoja, mimi mwenyewe niliona kwenye kioo kabla mtu mwingine hajasema. Kama una binti au kijana ambaye chonge lake limeota juu, nakuomba usikubali ling'olewe kabla hajaonwa na daktari wa mpangilio wa meno. Chonge lina mzizi mrefu kuliko meno mengine yote. Ni nguzo ya kona.

Mwishoni mwa mwaka 2022 gego la kushoto, lile lililofanya kazi ya pande mbili, lilipasuka. Daktari wa meno aliyeliziba ndiye aliyeniandikia barua niende Dar es Salaam kwa bingwa. Alisema kuziba peke yake hakutasaidia, maana nitavunja lingine.

Nilichokiona kwenye kliniki ile ya Upanga sitakisahau. Walichukua umbo la meno yangu kwa ute mzito unaoganda mdomoni, wakamwaga plasta, na kesho yake nikapewa kaakaa langu mwenyewe mkononi, jeupe, kavu. Nikaingiza kidole gumba. Kikabana. Lilikuwa kama tumbo la mtumbwi: jembamba, refu, lenye kina. Daktari akaniletea umbo la mtu mwingine mwenye taya la kawaida, nikaweka kidole gumba kile kile, kikacheza huku na huku. Hapo ndipo niliacha kufikiri kwamba nimekuja kutafuta urembo.

Akanieleza hivi. Taya la juu ni mifupa miwili, wa kulia na wa kushoto, iliyokutana katikati ya kaakaa kwenye mshono. Utotoni mshono ule ni laini, na kifaa kinachokamata magego tu kinatosha kuufungua. Si jambo jipya: mwaka 1860 daktari wa meno Emerson Angell, wa San Francisco huko Marekani, aliandika jinsi alivyompanua binti wa miaka 14 na nusu kwa skrubu iliyobanwa kati ya meno. Lakini kadiri ujana unavyopita, kingo za mifupa hiyo huingiliana kama meno ya zipu, kisha hushikana. Ukimvalisha mtu mzima kifaa cha kukamata meno peke yake, meno ndiyo yanayoinama kwenda nje huku mfupa umetulia pale pale, na ufizi unaweza kurudi nyuma. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu mzima aliambiwa njia ni moja: alazwe, apewe dawa ya usingizi, mfupa ukatwe.

Njia ya pili ni ya juzi juzi. Skrubu ndogo za titani, nne, zinapita kwenye kaakaa na kushika mfupa wenyewe, na kifaa cha kupanulia kinakaa juu yake. Nguvu haiendi kwenye meno tu, inaenda kwenye mfupa. Lakini si kila mtu mzima mshono wake utakubali. Nilipigwa picha ya pande tatu, na daktari akanionyesha mshono wangu kwenye kompyuta. Kuna namna ya kuupanga kwa hatua tano, A hadi E, iliyochapishwa na watafiti mwaka 2013. A ni mstari mmoja ulionyooka, E ni mfupa umeshaungana na mstari hauonekani tena. Wangu ulikuwa C: mistari miwili iliyopinda, bado inaonekana. Akasema, "Mwalimu, nafasi ipo, ila siahidi. Usipofunguka, tutarudi kwenye upasuaji au tutaacha." Nikatia saini karatasi yenye maneno hayo hayo.

Jambo lingine alilonionyesha kwenye picha ile ndilo lililonifanya nilie kwenye daladala wakati wa kurudi kwa shangazi. Dari ya kinywa ndiyo sakafu ya pua. Ni mfupa ule ule. Kinywa chembamba kiko chini ya pua nyembamba. Miaka yote niliyolala mdomo wazi nilidhani ni tabia mbaya niliyoshindwa kuiacha.

Kuhusu fedha nitasema wazi kwa sababu watu wanaona haya kuuliza. Matibabu yote, kuanzia picha hadi kutoa vyuma, yalinigharimu milioni sita na laki nne, nililipa kwa awamu, na nauli haimo humo. Bima yangu haikugusa hata shilingi. Nilitumia mgao wa kikoba wa miaka miwili, nikakopa SACCOS, na baba akanipa laki tano bila mimi kumwomba. Mama alipinga. "Umekula kwa meno hayo hayo mpaka umefika chuo, mwanangu. Sasa yana nini?" Nikampa lile umbo la plasta, nikamwambia aingize kidole. Akaingiza. Akalishika muda mrefu, kisha akaniuliza kama nilikuwa naumia nilipokuwa mtoto, na yeye hakujua.

Kifaa kiliwekwa Alhamisi, 22 Juni 2023, shule zikiwa zimefungwa. Sindano za ganzi kwenye kaakaa ndizo zilizouma kuliko yote yaliyofuata; pale nyama ni chache na sindano inagota. Baada ya hapo sikusikia maumivu, nilisikia uzito, kama mtu anazungusha bisibisi kwenye ukuta wa nyumba uliyolala ndani yake. Skrubu nne, pete za chuma kwenye magego, na katikati skrubu kubwa ya kupanulia. Ganzi ilipoisha nilihisi nimefumbata kokoto. Mate yalinijaa mdomoni siku tatu mfululizo. Kumeza kulihitaji mpango.

Ratiba ilikuwa robo mzunguko kila siku, mara 28. Kila robo ni robo milimita, kwa hiyo milimita saba. Nilijichorea visanduku 28 nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Daktari angependa kuniona kila wiki, lakini Tabora si kama Kibaha iliyo jirani na Dar. Tukakubaliana nimtumie picha kila jioni, na nirudi baada ya mzunguko wa mwisho. Nilipanda treni kurudi nyumbani nikiwa na mizunguko mitatu mdomoni na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga.

Ugumu wa ufunguo hauko kwenye kusukuma. Uko kwenye kuutoa. Ukiuvuta vibaya unarudisha skrubu nyuma, na kazi ya siku imepotea bila wewe kujua. Mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani na mikono yake imezoea vitu vidogo, alijifunza kuutoa kwa kuushusha kwanza kuelekea ulimini, kisha nje. Hakukosea hata siku moja. Siku ya sita nilikuwa naogopa, hakukuwa na dalili yoyote, meno yamebana kama kawaida, na nilianza kujiambia kwamba mshono umegoma na nimepoteza fedha za watu. Yeye alikuwa anaweka alama kwenye kisanduku na kusema, "Bado 22, dada." Kesho yake, "Bado 21." Hakunipa moyo kwa neno lingine lolote, na sikuhitaji lingine.

Kisha ikaja ile tak ya siku ya kumi.

Asubuhi yake mwanya ulikuwa umefikia milimita moja. Baada ya wiki ulikuwa mbili na nusu. Siku ya mzunguko wa 28 niliupima kwa rula ya shule: milimita nne. Nywele za shingoni zilinisimama. Pua ilitoa damu kidogo mara mbili, paji la uso liliuma jioni nyingi, na kulala kwa ubavu kulinishinda. Lakini usiku mmoja katikati ya Julai niliamka mdomo umefungwa. Nilikaa nasikiliza hewa ikipita puani pande zote mbili. Daktari alikuwa ameniambia nisitegemee sana jambo hilo, kuna wanaolipata na kuna wasiolipata. Mimi nililipata.

Shule zilifunguliwa wiki ile ya mwanya. Fikiria darasa la kwanza: watoto wa miaka sita na saba, nusu yao hawana meno ya mbele. Nilipoingia na kusema "Habari za asubuhi, watoto," wakaitikia, kisha kijana mmoja wa dawati la mbele, mwenye pengo la meno mawili, akanyoosha mkono. "Madamu, na wewe yanatoka?" Niliwaambia hapana, ya kwangu yanahama, yatarudi. Akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyeridhika, akasema, "Hata yangu yatarudi." Tangu siku ile tukawa wamoja.

Ila kufundisha kusoma kulinipa taabu kubwa. Sa, se, si, so, su kwangu ikawa tha, the, thi. Chuma kilikaa pale pale ulimi unapopaswa kugusa, na watoto wa umri ule wanasoma mdomo wa mwalimu kabla hawajasoma ubao. Sikuweza kuwaachia herufi mbovu. Nikamchagua binti mmoja mwenye "s" safi kuliko yote, nikamsimamisha mbele, mimi nikionyesha silabi kwa kijiti na yeye akitamka. Wiki tatu alikuwa ndiye sauti yangu. Nyumbani, baada ya magharibi, baba alinikalisha tena mbele yake kama zamani. Sini. Sadi. Dhadi. Mara hii ulimi ulikuwa na nafasi lakini kulikuwa na chuma, kwa hiyo alinisubiri. Mwezi wa tisa dhadi ilitoka. Hakusema neno. Alifunika uso kwa viganja viwili.

Sasa mwanya wenyewe. Kwetu mwanya ni pambo. Binti akizaliwa nao hutajwa kwenye arusi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao, na kwenye picha yake ya pekee tuliyonayo, ya studio, amecheka kidogo tu ili uonekane. Kwa hiyo wangu ulipofunguka, sikupata hata mtu mmoja wa kunionea huruma. Sokoni, muuza dagaa aliyenijua miaka yote aliacha kupima, akanitazama, akasema, "Mwalimu, mbona ulikuwa unatuficha?" Wenzangu ofisini waliniambia niwaambie madaktari waishie hapo. Mama ndiye aliyenigusa zaidi. Alikuwa ananitazama nikinywa uji, kisha anatazama pembeni. Siku moja alisema polepole, "Umefanana na mama."

Na ulikuwa unafungwa. Hili ndilo watu hawaelewi hadi waambiwe: mifupa ikiachana, meno mawili ya mbele yanaondoka nayo, lakini nyuzi za ufizi zinazoyaunganisha hazikatiki. Zinavutika, kisha zinaanza kuyarudisha, zenyewe, bila waya wala raba. Chini ya ufizi, kwenye mshono, mfupa mpya unajaa taratibu, na kwa ajili hiyo kifaa kinabaki mdomoni miezi sita bila kuguswa. Nilikuwa napima mwanya kila Ijumaa. Milimita nne. Tatu na nusu. Tatu. Mwezi wa kumi ulipitisha ukingo wa kadi ya benki kwa shida.

Kabla haujafikia hapo nilimuuliza daktari kama inawezekana kuuacha. Akasema inawezekana, milimita moja na nusu, ila nitahitaji waya mwembamba nyuma ya meno maisha yangu yote kuyazuia yasikutane, na niamue kabla ya safari ijayo. Nilibeba swali hilo wiki tano. Niliwaza picha ya bibi. Niliwaza mama na uji wake. Mwishoni nilimwambia daktari aufunge, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Mwanya wa bibi alizaliwa nao. Wangu nilikuwa nimeuona ukitokea, naujua ni kidonda cha mfupa, na mwili wangu ulikuwa unajitahidi kila siku kukiponya. Sikutaka kuuzuia. Nilimwambia mama mwenyewe, jikoni, usiku. Akasema sawa. Kisha akaniomba nimpigie picha kabla haujaisha, na picha hiyo iko kwenye simu yake hadi sasa, karibu na ya bibi.

Kuhusu vyuma vya kawaida sitasema mengi, wengi mnavijua. Vya chini nilivaa Septemba 2023, vya juu Januari 2024 baada ya kifaa kutolewa. Gego dogo lilisogezwa mbele polepole likakaa mahali pa chonge langu lililopotea, likasagwa ncha kidogo lifanane nalo. Ukiniona huwezi kujua. Mimi najua.

Chakula ndicho kilichonitenga na watu. Mtu wa Tabora bila matobolwa, bila michembe, vile viazi vitamu vikavu, bila karanga za kukaanga, bila muhindi wa kuchoma? Mlenda ulinibeba. Unateleza wenyewe, hauombi meno. Embe za kienyeji zilinishinda kabisa: nyuzi zake zinajisokota kwenye waya na unaweza kukaa nusu saa na mswaki mdogo ukizichomoa moja moja. Wakati wa kifaa cha kaakaa nilikuwa nasafisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya uvuguvugu na chumvi, kila baada ya kula, hata shuleni nyuma ya ofisi. Usipofanya hivyo ufizi unavimba na kufunika vichwa vya skrubu. Wangu ulivimba mara moja, nikajifunza.

Nta nayo ina kisa chake. Vyuma vilinikwangua mashavu, na vipande vya nta nilivyopewa Dar viliisha. Mjomba wangu ana mizinga huko Sikonge, na kwetu nta ni kitu cha kawaida nyumbani. Nilimpigia daktari, nikamuuliza kama nta ya nyuki inafaa. Akacheka kwa furaha, akasema ikiwa safi inafaa. Mjomba aliichemsha, akaichuja mara tatu kwa kitambaa cheupe, akaimwaga kwenye kifuniko cha chupa ikaganda. Nilikuwa nakata kipande kama punje ya mahindi, nakiviringisha vidoleni hadi kilainike, nakibandika juu ya chuma kinachochoma. Ilikuwa na harufu ya moshi wa porini. Nimelala na harufu hiyo usiku mwingi, na mpaka leo nikiisikia sokoni, shavu langu la ndani linatulia.

Safari ndiyo gharama ambayo hakuna aliyenitajia. Kila wiki tano au sita, zaidi ya kilomita 800 kwenda, na hizo hizo kurudi. Naondoka Alhamisi jioni au Ijumaa alfajiri, narudi Jumapili usiku, Jumatatu niko darasani. Mwalimu mkuu wangu alinivumilia kwa namna ambayo sitaweza kumlipa. Tangu Agosti 2024 mambo yalipungua ukali: basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme, na chini ya saa nne niko Dar. Lakini kabla ya hapo, Machi ya mwaka huo, kitufe kimoja, kile kichuma kinachobandikwa kwenye jino kushika waya, kilibanduka na waya ukaanza kunichoma shavu. Nilienda kwenye kituo kimoja cha meno hapa mjini. Wakaniambia hawagusi kazi ya mtu mwingine. Nilielewa woga wao, lakini nilitoka pale nikiwa na damu kwenye leso. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele kilinilazimisha kusafiri siku mbili. Ningeomba sana, kwa dhati, kila mkoa uwe na angalau mtu mmoja aliyefundishwa kukata waya na kubandika kitufe. Si lazima awe bingwa.

Vyuma vilitolewa Ijumaa, 12 Desemba 2025. Walibandua kimoja kimoja kwa koleo, gundi ikasagwa, na ulimi ukateleza kwenye meno laini hadi nikaona aibu kuunyamazisha. Nilipewa plastiki nyembamba ya kuvaa kila usiku, na nimeambiwa ni ya maisha, kwa sababu meno ya mtu mzima yana kumbukumbu. Naivaa. Naiosha kwa maji ya baridi, maana ya moto yanaipinda.

Nilifika nyumbani Jumapili usiku. Mama alikuwa ameweka akiba ya matobolwa tangu kiangazi, kwenye kikapu kilichofunikwa, hakumruhusu mtu kugusa. Akanipa kipande kimoja kikavu, kigumu kama ngozi. Nikauma. Nikaanza kutafuna kushoto, kwa mazoea. Alinitazama muda, akaniuliza, "Na upande ule?"

Nikakisukuma kulia kwa ulimi. Kilikutana na magego, ya juu yamekaa nje, ya chini ndani, yakashikana. Niliisikia sauti ya kutafuna kwenye sikio ambalo halikuwahi kuisikia. Taya lilichoka haraka, kama mguu wa mtu aliyetolewa hogo la plasta. Nikapumzika kidogo, nikaendelea, upande ule ule, hadi kikaisha. Mama akasogeza kikapu.